Kujitengenezea Ufito wa Kuvulia Samaki

Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya ufito wa kuvulia ni kumwinua samaki atoke majini, kama ndoo iinuliwavyo kisimani kwa kamba. Kwa hiyo mtu akitaka kujifanyia ufito hutafuta mti mnene usiopinda, akafunga mshipi nchani, akashika njia ya mtoni. Siku akipata samaki mdogo hakuna taabu. Humrusha nchi kavu juu ya kichwa chake. Siku akimnasa kambare mkubwa, mshipi hukatika kwa mvuto mmoja, na kambare akaenda zake na ndoana kinywani. Mtu yule hurudi nyumbani mikono mitupu, akisema, "Mshipi ule ulikuwa mbovu." La, mshipi haukuwa mbovu. Ufito ndio uliokosa kufanya kazi yake, nayo kazi ya ufito ni kupinda.

Katika maneno haya twataka kuwaelezeni, wasomaji wetu, jinsi mtu awezavyo kujitengenezea ufito kwa mwanzi, uzi, waya na vanishi, hata ukawa chombo cha kweli. Hatusemi habari za ndugu zetu wa pwani wavuao kwa mshipi wa mkono katika ngalawa. Wao hawana haja ya ufito, maana kidole cha shahada ndicho ufito wao, na pengine watatucheka. Twasema na wale wakaao kando ya mito, mabwawa na maziwa, wasimamao nchi kavu na kumtafuta perege, sato au kambare kwa chambo cha nyungunyungu.

Yatupasa kwanza tufahamu ufito ni kitu gani. Ni vyombo viwili katika kimoja: ni wenzo, tena ni kamani.

Tuanze na wenzo. Chukueni ufito wa futi 10. Mkono mmoja umeshika mwisho wa shina, na mkono wa pili umeshika futi 1 juu yake. Samaki akivuta nchani kwa nguvu ya kilo 1, na ufito usipinde hata kidogo, mkono ule wa juu hupata mzigo wa kilo 10. Sisi sote tumezoea kuona ya kuwa mwenye wenzo mrefu ndiye mwenye nguvu, kama waashi wanaposukuma jiwe kwa mtaimbo. Lakini hapa mwenye wenzo mrefu ni samaki, siye mvuvi. Basi yule achaguaye ufito mrefu akidhani kwamba urefu utamwongezea nguvu, amempa samaki nguvu hizo.

Mtu aweza kuuliza, kama ni hivyo, mbona tusitumie ufito mfupi? Urefu una faida zake nyingine. Ufito mrefu hufikisha chambo ng'ambo ya mafunjo na majani yaotayo kando ya maji. Tena humwezesha mvuvi kusimama mbali na ukingo, na mahali penye mamba jambo hilo si la mchezo, kwa maana mamba humvizia mtu pale pale maji yanapokutana na nchi kavu. Kuliko yote, ufito mrefu una nafasi kubwa ya kupinda. Na hapo ndipo inapoingia kazi ya kamani.

Samaki aliye ndani ya maji hana uzito mkubwa, maana maji humbeba. Kinachokata mshipi ni mshtuko, yaani dakika ile anapogeuka ghafula na kukimbia. Ufito upindao huupokea mshtuko ule kidogo kidogo, kama kamani za gari zipokeavyo mashimo ya barabara. Kisha samaki akipunguza nguvu, ufito hunyoka na kumvuta, wala hampi nafasi ya kulegeza mshipi na kuitema ndoana. Tena, ufito ukipinda, ncha huja karibu na mvuvi, na ule wenzo mrefu wa samaki huwa mfupi. Kwa hiyo kila samaki anavyozidi kuvuta, ndivyo anavyozidi kupoteza faida yake. Ufito usiopinda hauna msaada huo hata chembe.

Sasa na tuende kutafuta mwanzi. Katika milima ya Nyandarua, Mlima Kenya, Mau na Elgon, kwenye miinuko ya futi 8,000 hadi 10,000, huota misitu ya mianzi mirefu iliyo wazi ndani. Mianzi hiyo ni mizuri kwa ufito mwepesi, lakini msitu mwingi wa huko umehifadhiwa, wala haifai kuingia na panga bila ruhusa ya wenye kuutunza. Nyanda za chini huota mwanzi wa aina nyingine, ulio mfupi zaidi, wenye nyama nene, hata sehemu zake za chini mara nyingi huwa karibu kujaa kabisa. Watu wa Iringa na Njombe wanaujua sana mwanzi wa namna hii, maana ndio wanaougema ulanzi. Huo ni mzito kidogo, lakini ni mgumu kuvunjika, nasi twaupenda kwa mtu anayeanza. Kama shamba ni la mgema, mwombeni kwanza. Mwanzi wa ulanzi ni mali. Matete ya mtoni ni mepesi na hunyoka vizuri, illa huvunjika upesi, nayo yafaa kwa watoto na samaki wadogo tu.

Msikate mwanzi mchanga. Mwanzi wa mwaka wa kwanza bado una maganda shinani na unga mweupe juu ya ngozi. Ukikauka hujikunja na kunywea. Utafuteni uliotimiza miaka mitatu au zaidi, ambao rangi yake imefifia na mara nyingi umeota madoa ya ukungu, nao ukigongwa kwa kisu hutoa sauti kali. Ukateni wakati wa kiangazi, kwa kuwa wakati huo utamu ndani yake ni mchache, na wadudu watoboao mianzi hufuata utamu huo. Unene wa shina uwe kama dole gumba la mtu mzima au kuzidi kidogo, na ncha iwe kama kalamu ya risasi au nyembamba kuliko hiyo. Kateni zaidi ya mmoja. Anayekata mwanzi mmoja tu hulazimika kuupenda hata ukiwa na kilema.

Kukausha ndiko kunakowashinda wengi, si kwa ugumu, bali kwa haraka. Ondoeni matawi kwa kisu kikali, mkiukata kila utawi karibu na fundo bila kuchuna ngozi ya mwanzi. Kisha uning'inizeni darini au chini ya mapaa, ncha ikielekea chini na jiwe dogo limefungwa nchani ili ujinyoshe. Usipigwe na jua kali, maana utapasuka. Uacheni miezi miwili au mitatu, hata ule ukijani uishe kabisa na mwanzi uwe na rangi ya majani makavu. Hatujaona njia ya mkato katika jambo hili.

Mwanzi ukisha kauka, tazameni kwa jicho moja kutoka shina hata ncha, kama seremala atazamavyo ubao wake. Mtaona umepotoka hapa na pale, hasa penye mafundo. Upotofu huo hunyoshwa kwa moto. Fanyeni makaa mengi yasiyo na ndimi za moto, mkapitishe sehemu iliyopotoka juu yake, mkiuzungusha mwanzi pasipo kusimama. Ukipata moto wa kutosha, ngozi hutoka jasho la mafuta. Hapo ushikeni kwa kitambaa chenye maji, muupindishe taratibu juu ya goti upande wa pili wa upotofu, mkaushike hivyo hivyo mpaka upoe. Kazi hii ifanyike kidogo kidogo, pingili kwa pingili. Hapa twawaonya: hewa iliyofungwa ndani ya pingili hupanuka kwa moto, na kila mtu aliyetupa mwanzi jikoni ajua jinsi unavyolia kama bunduki. Basi msiuache juu ya makaa bila kuuzungusha, wala msiweke uso karibu.

Watu hupenda pia kuukwangua mwanzi ili uwe laini na wa kupendeza. Msifanye hivyo. Nyuzi zenye nguvu katika mwanzi zimesongamana upande wa nje, chini ya ngozi. Za ndani ni chache na laini. Mwenye kukwangua nje ametupa chuma akabakiza pamba. Tena hesabu yenyewe yakataza. Ugumu wa ufito wa mviringo hufuata unene wake uliozidishwa kwa nafsi yake mara nne. Unene ukiwa mara 2, ugumu huwa 2 × 2 × 2 × 2, yaani mara 16. Mkiupunguza unene kutoka sehemu 10 hadi sehemu 9, fanyeni 9 × 9 × 9 × 9, mtapata 6,561. Nayo 10 × 10 × 10 × 10 ni 10,000. Maana yake, kwa kukwangua sehemu moja ya kumi tu mmepoteza theluthi ya ugumu wote. Wanafunzi na waifanye hesabu hiyo wenyewe kabla ya kuchukua kisu. Ngozi isafishwe kwa kitambaa na jivu laini, basi.

Na sasa twafika kwenye jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo litenganishalo ufito na fimbo ya kuchungia: kuupima. Fungeni shina la ufito juu ya meza au gogo, ufito ulale sawasawa kama mstari wa maji. Fungeni uzi nchani, na katika uzi huo mning'inize kopo tupu, likaribie kugusa ardhi. Mtieni maji ndani ya kopo kidogo kidogo. Ufito utaanza kupinda. Ongezeni uzi ikiwa kopo limegusa ardhi, kisha endeleeni mpaka ncha ielekee chini wima, yaani ufito uwe umefanya robo ya duara. Mkisikia mlio wowote wa kupasuka, ondoeni kopo mara moja, mwanzi huo hauwezi. Kama umevumilia, pimeni maji yaliyomo. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo hamna haja ya mizani. Chupa tu yatosha. Ongezeni uzito wa kopo lenyewe ukiwa si mdogo.

Wavuvi wa Uingereza huuchukua uzito ule wakauzidisha kwa 5, wakapata nguvu ya mshipi uufaao ufito. Kama ufito umepinda robo ya duara kwa maji ya robo tatu ya lita, mshipi unaoufaa ni ule wa kukatika kwa kilo 3 na robo tatu hivi. Nguvu ya mshipi wa nailoni huandikwa juu ya kigurudumu chake dukani, basi someni. Mshipi ukiwa dhaifu mno kuliko hesabu hiyo, utakatika kabla ufito haujapinda vizuri, kama yule bwana wa kambare. Mshipi ukiwa na nguvu mno, ufito ndio utakaovunjika. Hatusemi ya kuwa 5 ni amri. Wengine huongeza na wengine hupunguza, kwa kadiri ya maji na magogo yaliyomo. Lakini mwenye kuanza akiifuata hatapotea mbali.

Huenda mtu akasema kwamba ufito upindao kwa maji ya chupa moja hauwezi kumshinda samaki mkubwa. Tumweleze habari ya Mwingereza mmoja, Richard Walker, aliyekuwa akibuni na kuunda fito zake mwenyewe. Mwezi wa Septemba mwaka 1952, usiku, katika ziwa dogo liitwalo Redmire, alimvua samaki wa maji baridi mwenye uzito wa ratli 44, karibu kilo 20. Kwa miaka mingi hakuvuliwa kwa ndoana samaki mkubwa kuliko huyo wa aina yake katika nchi ile, naye alipelekwa hai katika bustani ya wanyama ya London, watu wakamtazama. Ufito aliotumia aliuita Mark IV, nao ulipinda robo ya duara kwa mzigo wa ratli moja na nusu hivi, yaani chini ya robo tatu ya kilo. Samaki yule alikuwa mzito kuliko kipimo cha ufito karibu mara 30. Hakuinuliwa na ufito. Alichoshwa nao, kisha akatolewa majini kwa wavu.

Ufito wa Walker haukuwa mwanzi mzima, bali vipande sita virefu vya mwanzi vilivyochongwa pembe tatu na kugandishwa pamoja, ngozi yote ikiwa nje. Ufundi huo wa vipande ulianza kusitawi Marekani. Miaka ya 1840 alikuwako fundi Samuel Phillippe katika mji wa Easton, Pennsylvania, na miaka ya 1870 Hiram Leonard wa Maine alijulikana sana kwa fito za vipande sita. Mwanzi waliokuja kuupenda mafundi kuliko yote hutoka mkoa wa Guangdong, Uchina. Ni kazi ya kupima kwa unywele, nasi hatumshauri anayeanza aiguse. Mwanzi mzima utamfundisha yote anayohitaji.

Turudi kwetu. Kabla ya kufunga vipete vya kupitishia mshipi, tafuteni upande wa ufito. Kila mwanzi una upande mmoja ulio mgumu kuliko mwingine, nao mafundi huuita uti wa mgongo. Simamisheni shina juu ya ubao laini, ufito umelazwa kwa mshazari, na sehemu ya juu ilale katika kiganja kilicho wazi. Kwa mkono wa pili bonyezeni katikati. Ufito utajizungusha wenyewe kisha utulie. Tieni alama ya chaki upande uliotazama juu, mfanye tena mara mbili tatu. Alama ikirudi pale pale, mmeupata. Jaribio hili halina maana kama mwanzi haujanyoshwa, kwa sababu upotofu nao huuzungusha. Vipete vikifungwa katika mstari wa alama ile, au upande unaoelekeana nao, ufito hautajisokota mkononi wakati wa vita. Wako mafundi wazuri wa siku hizi wanaosema kwamba uti huu hauna neno, na kwamba unyofu ndio mkubwa. Sisi twaona kupima ni kazi ya dakika tano, na hakuna hasara.

Neno lililo wazi zaidi ni hili: vipete na viwe chini ya ufito. Vikiwa juu, mshipi uliokazwa hutaka kuteremka chini, na kwa kutaka hivyo huusokota ufito.

Vipete hutengenezwa kwa waya mgumu mwembamba usioshika kutu. Zungusheni waya mara moja juu ya msumari, mkaache miguu miwili, mmoja huku na mmoja huku. Pondeni miguu kwa nyundo iwe bapa, kisha isugueni kwa tupa mpaka mwisho wake uwe mwembamba kama ukucha, ili uzi upande juu yake bila kujikwaa. Vipete vya karibu na mkono viwe vikubwa, na vya karibu na ncha viwe vidogo. Ndani ya kipete pawe laini kabisa. Pitisheni pamba kidogo. Ikiacha hata unyuzi mmoja, kipete hicho kitakula mshipi wenu siku moja.

Desturi ya mafundi ni kipete kimoja kwa kila futi ya ufito, pamoja na kimoja cha nchani. Nafasi zake hazilingani. Karibu na ncha, ufito unapopinda sana, vipete hukaribiana, na kuelekea mkononi huachana: inchi 4 kutoka nchani, kisha 5, kisha 6, kisha 7, na kuendelea. Tumeona wanafunzi wakiandika vipimo vya ufito wa mwenzao na kuvifuata kwa rula bila kukosea hata nukta, na bado mshipi ukakwaruza mwanzi, kwa kuwa kila mwanzi hupinda kwa namna yake. Basi msifunge kwa uzi kwanza. Kateni mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa, mpate vipande vyembamba kama tambi, mkavishike vipete kwa hivyo. Pitisheni mshipi, ufungeni kwenye kisiki, mkaupinde ufito kama vile mmenasa samaki. Mtu mmoja avute, mwingine atazame kwa ubavu. Mshipi ufuate mpindo wa ufito taratibu. Ukionekana mahali unakata kona kali au unagusa mwanzi, sogezeni kipete, mkajaribu tena. Hapa msione uvivu. Nusu saa ya kusogeza vipete yashinda siku nzima ya kupaka rangi.

Kisha huja kazi ya uzi, kazi ya kukaa kitako. Uzi imara wa cherehani wafaa. Wekeni kibiringo cha uzi ndani ya kikombe, na uzi wenyewe mwupitishe kati ya kurasa za kitabu kizito kilichofungwa. Uzito wa kitabu utaukaza uzi sawasawa, nao mtaongeza au kupunguza kwa kuweka kitabu cha pili juu yake. Zungusheni ufito, si uzi. Anzeni juu ya mwanzi kabla ya mguu wa kipete, mkizungusha uzi juu ya mwisho wake wenyewe mara sita hivi, kisha mkate kipande kilichobaki, mkapande juu ya mguu, kila duara likigusana na jirani yake. Mkiwa mmebakiza madaraja saba au manane, lazeni juu yake uzi mwingine uliokunjwa kama kitanzi, mkaendelee kuzungusha juu ya kitanzi hicho. Mwisho kateni uzi, utieni katika kitanzi, mkakivute kitanzi. Nao mwisho wa uzi utaingia chini ya mizunguko usionekane. Hakuna fundo hata moja. Mwanafunzi akilifanya mara tatu, mkono wake hautasahau.

Fungeni hivyo hivyo mikanda myembamba ya uzi kati ya kipete na kipete hata pasipo na kipete, maana mwanzi huanza kuharibika kwa kupasuka kwa urefu, na mikanda hiyo huuzuia.

Mpini hautaki maneno mengi. Zungusheni kamba nyembamba ya katani juu ya gundi, kwa urefu wa futi 1 au zaidi, mpaka mkono ushike bila kubana. Kigurudumu cha mshipi, kwa aliye nacho, hufungwa chini ya ufito kwa kamba au kwa mpira wa baiskeli. Asiye nacho aweza kuvua vizuri kwa mshipi ulio sawa na urefu wa ufito, illa asiufunge nchani tu. Aufunge kwanza karibu na mpini, aupitishe katika vipete, ndipo autoe nchani. Ncha ikivunjika, samaki bado amefungwa mkononi mwake.

Vanishi ipakwe juu ya uzi na juu ya mwanzi wote, hasa miisho miwili ambako maji hupenya. Ipakwe nyepesi mara tatu au nne, kila mara ikauke siku nzima. Koti moja zito hutiririka na kuacha matone. Nyunyizieni sakafu maji kwanza ili vumbi litulie. Wale watumiao gundi ya siku hizi ya kuchanganya dawa mbili, iitwayo epoksi, yawapasa kuuzungusha ufito polepole kwa saa kadhaa mpaka gundi ishike, la sivyo itaning'inia upande mmoja kama machozi.

Mambo haya yote ni yale yale kwa mtu awezaye kununua ufito mtupu wa kiwandani na kuuvisha vipete mwenyewe. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945 zilianza kuuzwa fito za nyuzi za kioo, na tangu mwaka 1973 fito za kaboni, nyepesi mno na ngumu. Kupima kwa maji, kutafuta uti, mpira wa baiskeli, kitabu na kitanzi, hakuna kinachobadilika. Lakini kaboni hupitisha umeme kama waya. Mwenye ufito wa kaboni asipite nao umesimama chini ya nyaya za umeme, wala asibaki mtoni radi zinapopiga. Na mwanzi uliolowa maji nao si wa kuaminiwa hapo.

Kabla ya siku ya kwanza, ulizeni kwa afisa wa uvuvi wa mahali penu sheria ya maji yale. Mito mingine ina leseni yake na namna yake. Katika mto Gura wa Nyandarua, kwa mfano, samaki aina ya trauti si mwenyeji. Asili yake yatoka Loch Leven, Scotland, naye aliletwa mwaka 1905, na uvuvi wake una masharti. Katika Ziwa Viktoria yuko sangara, aliyetiwa humo miaka ya 1950, awezaye kupita kilo 100. Huyo mwacheni kwa wenye mashua.

Mkirudi kutoka majini, pangusieni ufito kwa kitambaa kikavu, mfungue mshipi, mkauning'inize kwa ncha mahali penye kivuli. Usiegemezwe ukutani, maana baada ya wiki moja utakuwa umepata mpindo ambao hamkuutia, na itawabidi kuwasha makaa tena.